Kofia Mbili za Pulova ya Baba

Enzi zetu, mwezi wa sita ulipoingia mji wetu wa Kamina, hakuna mtoto aliyehitaji kuangalia kalenda. Ulijua kwa masikio. Ukitoka asubuhi kwenda kuchota maji, masikio ndiyo yaliyoshikwa kwanza, kisha ncha ya pua, kisha vidole vya miguu ndani ya ndara. Nyasi zilikuwa zimekauka, na upepo ulipita juu yake tangu huko usikokujua mpaka kwenye mlango wetu bila kukutana na kitu cha kuuzuia. Tulikuwa tukitoa moshi mdomoni na kujifanya wakubwa wanaovuta sigara. Wageni kutoka Bukama, waliozoea joto la mtoni, walitucheka siku ya kwanza kwa kuvaa kofia za leni, na siku ya pili walikuja kuuliza kama imebaki moja.

Leni, ndivyo tulivyouita uzi wa sufu. Na kofia hazikununuliwa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kazi ya mama yake, kama vile tumbo lake. Mama yangu alijifunza kufuma kanisani kwetu, kwa Wametodisti, katika darasa la kina mama la alasiri, ambako walifundishwa pia kuoka keki kwenye mbabula, yaani jiko letu la makaa. Ile keki hakuipika tena hata siku moja. Lakini kufuma kulimwingia mikononi. Alifuma akiangalia chungu cha sombe, kisamvu chetu, alifuma akitusikiliza tukisoma somo la Kifaransa kwa sauti, alifuma akigombana na jirani juu ya kuku. Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli, za zile baiskeli zilizokuja na makaa na mihogo kutoka njia ya Kabongo. Baba alizikata, akazisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Ukizichezea ulipigwa. Ukizikalia, hukuhitaji kupigwa.

Leni yenyewe ilitoka mbali, ilikuja na treni, na treni ilikuja ilipotaka. Kwa hiyo kwetu hakuna leni iliyotupwa. Pulova ikikubana mabegani, Mama alitafuta ncha ya uzi, akavuta, na pulova ikaanza kurudi kuwa uzi mbele ya macho yako. Uzi huo ulikuwa umejikunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Aliuosha, akautundika kwenye kamba na jiwe chini ili unyooke, kisha mmoja wetu akaitwa kushika. Kushika kulikuwa ni kukaa na mikono mbele, viganja vinatazamana, uzi umezungushwa juu yake, wakati Mama anaukunja kuwa mpira. Mikono ilikufa ganzi. Nje wenzako wanaruka kamba, wanaita jina lako, nawe umefungwa kama mwizi. Vijana wa leo wanalipa kwenda kuchoshwa mikono kwenye jumba la mazoezi karibu na soko. Sisi tulichoshwa bure, na tukapewa karanga za kuchemsha baadaye.

Naandika haya nikiwa na moyo mwepesi, jambo ambalo mwaka jana nisingeweza kulisema. Nitafika huko. Kwanza niwaambie habari za pulova ya Baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na mstari ulionyooka. Alikuwa na pulova moja ya rangi ya kahawa, nzito, yenye kola, aliyoivaa Jumapili na siku ya kufungua shule. Aliikunja mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuikunja, hata Mama, aliyekuwa akimtania kwamba ile ndiyo mke wa kwanza.

Mwaka ule jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki ambaye familia yake ilikuwa ya wakulima, alikuwa na mimba kubwa. Mama alimfumia kofia ya njano, moja, akaimalizia pembeni kwa maua madogo ya kroshe. Leni ya njano ikaisha pale pale kwenye ua la mwisho. Mama akaridhika sana na hesabu yake. Kisha jirani akajifungua, na wakatoka wawili, wote wasichana. Mapasa.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wanaosoma mbali wanaweza kuhitaji. Mapasa kwetu wanakuja na majina yao: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Na unachompa mmoja unampa mwingine, kile kile, kwa wakati ule ule. Ukimpa Kyungu ndizi, mkono wa pili uwe na ndizi ya Kabange. Kabange wetu alikuwa mdogo kuliko mwenzake, mdogo kama kifaranga, na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapita chini ya mlango wao. Walimfunga kichwa kwa kipande cha kitenge, kikateleza. Walifunga tena, kikateleza tena. Kofia ya njano ilikuwa imelala kwenye kitunga cha Mama, na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Bibi yao, tuliyemwita Kaku, kama tulivyowaita bibi wote, ndiye aliyekaa mlangoni kulinda. Alimwambia Mama bila kupandisha sauti:

"Kama unavalisha mumoja, mwenzake atakasirika. Atarudia kule alitoka."

Baba aliposikia habari hiyo mezani, alicheka kwa pua.

"Ile ni mambo ya bankambo, ya wazee wa zamani," alisema. "Muvalishe ule mudogo, ikwishe."

"Haya," Mama akajibu. "Weye njo utaenda kumuvalisha mbele ya kaku yake?"

Baba akarudi kumega tonge la bukari, ugali wake. Leni sokoni hakuna, treni haijaonekana, na kila asubuhi mimi nilikuwa nikisimama kwenye uzio kusikiliza kama wanalia wawili. Nikisikia sauti moja tu, moyo unanipasuka, mpaka ile ya pili, nyembamba, inapoingia.

Jumapili, baada ya ibada, Baba alipita kwa jirani kusalimia, kwani hata Mmetodisti anasalimia mapasa. Hakukaa sana. Alirudi kwetu, akasimama katikati ya ua, akavua pulova yake kupitia kichwani, nywele zikasimama, akamwekea Mama mapajani. Hakuikunja.

"Mama Numbi, fumua."

Numbi ni mimi, kifungua mimba wake. Mama alimwangalia kana kwamba amelewa.

"Hii?"

"Njo hiyo. Minyi niko mukubwa, baridi itanifanya nini?"

Mama hakungoja abadili mawazo. Alitafuta ncha ya uzi, akavuta, na kola ikaondoka kwanza. Kisha akafumua na ile kofia ya njano pia, na maua yake, kwa sababu kofia mbili lazima zifanane: mstari wa njano, mstari wa kahawa. Na lilikuwepo jambo jingine. Kofia moja ikitangulia kuisha, mtoto mmoja ametangulia kupewa. Kwa hiyo zilipaswa kufumwa pamoja, mstari kwa mstari, na kufungwa pamoja. Zilitakiwa jozi mbili za mikono. Mama akaniangalia, akanipa spoki.

Nilijua kufuma, lakini mkono wangu ulikuwa mkali. Nilivuta uzi mpaka vitanzi vikalia. Tulikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani tukiota jua, Mama na mimi, na mstari wa tatu haujaisha kofia yangu ilikuwa tayari nyembamba kuliko yake. Niliamini kabisa kwamba nikiharibu, Kabange atakwenda.

"Ile haiko mbuzi, Numbi. Sababu gani unaifunga vile?"

Nikajaribu kulegeza. Mkono ukakataa. Nikafumua, nikaanza, ukakataa tena, na machozi yakaanza kudondokea kwenye leni. Hapo Mama akachomoa sindano zake, akaufumua mstari wake wote, akaanza upya, na safari hii alikaza. Yeye, ambaye kina mama wa kanisani walimpelekea kazi zao azipime kwa macho, alifuma vibaya kama mimi, kitanzi kigumu kwa kitanzi kigumu, na akifika mwisho wa mstari alikuwa ananingoja. Nilifikiri amechoka. Ni baada ya kuzaa watoto wangu ndipo nilipojua alichokuwa akikifanya.

Zilipokwisha, tulikwenda wote. Kaku alizipima kwa kuzivika kwenye magoti yake mawili, akavuta hii, akavuta ile, akatafuta kasoro kwa vidole.

"Iko sawa," akasema.

Mama akashika moja mkono wa kuume, moja mkono wa kushoto, akainama na kuwavika wote wawili kwa mara moja. Kabange akapiga chafya, akalala. Nilipata usingizi mzuri siku hiyo, na zilizofuata pia, maana asubuhi sauti zilikuwa mbili tena bila kungoja. Mvua za kwanza ziliponyesha, Kabange alikuwa na mashavu, na analia kwa nguvu kuliko Kyungu. Ile furaha ya kuacha kuogopa, sijui kama nimepata nyingine inayoizidi.

Baba alimaliza baridi ile kwa shati. Aliimba nyimbo za kanisani sauti ikitetemeka, na watu wakasifu jinsi mwalimu anavyoguswa na maneno. Kofia zile zilipowabana watoto, mama mapasa alizileta zote mbili pamoja, zimefuliwa. Mama akazifumua, akaongeza leni ya kahawa iliyobaki, akamfumia Baba skafu, njano na kahawa. Aliipenda kuliko alivyoipenda pulova. Aliivaa mpaka alipofariki.

Leo mambo ni tofauti. Kofia zinakuja kwa marobota, zina maandishi yanayong'aa ambayo anayezivaa hawezi kuyasoma. Vijana wanazivaa mwezi wa kumi, jua linachoma, jasho linatiririka, wanasema ni mtindo. Mwezi wa sita wanazivua ili nywele zionekane. Binti yangu wa mwisho alinionyesha kwenye simu msichana wa nchi za mbali anayefundisha kroshe, akaniambia niangalie nijifunze. Nikaangalia. Yule msichana anajua kazi, sitamnyima haki yake. Ila hakuna aliyemshikisha uzi mpaka mikono ikafa ganzi.

Mwaka jana Mama alipatwa na ugonjwa, upande wa kuume ukalala. Walimtibu, akarudi nyumbani, akaanza kutembea kwa kushika ukuta, lakini mkono ulikataa. Kitunga chake kilikaa juu ya kabati, na yeye hakukiulizia. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko hospitali. Mama asiye na kitu mikononi, nilikuwa simjui. Alikaa akiangalia ua, na nikimsemesha alijibu kwa heshima, kama mgeni.

Mwezi huu wa sita, asubuhi ya upepo mkali, Kyungu alikuja kwenye uzio. Sasa ni mama mnene anayeuza samaki wakavu wa Bukama, na Kabange, anayemzidi unene, ndiye mwenye kelele kwenye meza yao sokoni. Kyungu alikuja peke yake, anacheka na kulia.

"Mama, salamu. Binti yangu amezala. Iko mapasa."

Mama akageuza kichwa kwangu.

"Numbi, leta kitunga."

Nilikiteremsha. Juu kabisa ilikuwa skafu ya Baba. Nilijua anachotaka, na nikaisukuma pembeni. Nikamwambia sokoni leni imejaa, nitakwenda sasa hivi, nitaleta rangi anayoitaka.

"Ile ya soko inakwaruza mutoto," alisema.

"Mama, hii ni ya baba. Tumebakia na hii tu."

"Baba yako alisha kusema." Alinyoosha mkono ule wa kuume, ule uliokataa, akauweka juu ya skafu. "Fumua."

Nikafumua. Uzi ulikuwa umechoka lakini haukukatika. Nilimpa binti yangu kushika, akalalamika mikono mapema kuliko tulivyolalamika sisi, akabaki hapo hapo. Kisha tukakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, Mama na mimi, na spoki zile zile.

Kitanzi cha kwanza kilimchukua muda mrefu. Cha pili kikaanguka. Lakini mkono ulikuwa unakwenda. Vitanzi vyake vilitoka vikubwa, vimelegea, kidole kinapita. Nikaangalia mstari wangu, umebana na kunyooka, nikachomoa sindano, nikaufumua wote. Nikaanza upya kwa mkono mlegevu, na kila mwisho wa mstari nikamngoja.

Aliona. Mama haachi kuona.

"Mukono yako imelegea leo," alisema. "Sababu gani?"

"Ni uzee, mama."

Akacheka kicheko chake cha zamani, mpaka mabega yakatikisika, na kitanzi kingine kikamponyoka. Nilikaa pale na leni mapajani, nikasikia kifua changu kinafunguka baada ya mwaka mzima. Zilipokwisha, Kyungu, ambaye sasa ndiye kaku, alizipima kofia kwenye magoti yake. Zilikuwa kubwa, zimepinda, na zote mbili zimepinda upande mmoja.

"Iko sawa," akasema, akampa Mama awavike mapasa, moja kuume, moja kushoto.