Ndugu yetu wa Likoni alitangaza amepona sukari, nikavuka kwenda kumpima mwenyewe

Wakuu wa jukwaa, salaam kwenu nyote. Nitakayoeleza hapa niliyaona kwa macho yangu, na pale nilipoambiwa tu nitasema nimeambiwa. Nilikuwa mkaguzi wa shehena bandarini hadi nilipostaafu, na sikuwahi kutia saini kontena ambalo sikulifungua.

Ninaishi Changamwe. Nina ugonjwa wa sukari, nameza vidonge.

Dada yangu mdogo, Mwanakombo, anaishi Utange, na hali yake ni nzito kuliko yangu. Yeye hujidunga insulini. Daktari amemkataza kufunga, kwa hiyo kila Ramadhani hulisha maskini badala ya saumu.

Wapo watakaoliona hilo jambo dogo. Kwake si dogo. Huipikia futari nyumba nzima, kisha hukaa mkekani na wenzake kama mgeni.

Sote wawili tulikuwa katika kikundi cha simu cha wagonjwa wa sukari. Ramadhani iliyopita, mwanachama mmoja aitwaye Bakari, fundi cherehani wa Likoni, alituma picha ya mashine yake ya kupimia. Ilisoma tano na pointi kidogo, kama mtu asiye na ugonjwa. Chini yake aliandika kwamba ameacha dawa zote, anakunywa maji ya majani ya mstafeli wakati wa daku, na amepona.

Siku chache baadaye ikaja video. Bakari amealika watu futari, inasomwa dua ya shukrani, sahani za ubwabwa zinapita.

Kikundi kikajaa Alhamdulillahi. Wenzetu Wakristo wa Port Reitz nao wakaandika Bwana asifiwe.

Nami niliandika Alhamdulillahi. Kisha nikauliza: "Ndugu Bakari, ulipima saa ngapi, na ulikuwa umekula nini?"

Wakuu, nilishambuliwa.

"Mzee, shukrani ya mtu haiombwi risiti."

"Huyu hata peponi atamwomba malaika kitambulisho."

"Dua imesomwa, wewe wapinga uwezo wa Mungu?"

Hapo nikaona kosa letu. Huku kwetu, dua ya shukrani ikishasomwa na watu wakala, jambo limekwisha thibiti. Kuuliza baada ya hapo ni utovu wa adabu. Nafasi ya kipimo cha maabara imechukuliwa na sahani ya ubwabwa.

Ningeweza kunyamaza. Lakini jioni ile Mwanakombo alinipigia.

"Kaka, kesho nafunga."

"Na sindano?"

"Sindano ya nini tena? Nishachuma mstafeli."

Nilimkumbusha kwamba aliwahi kuacha sindano akapelekwa hospitali hana fahamu. Akanijibu kwa utulivu ulionitisha: "Wewe wafunga kila mwaka. Hujui."

Nilimwomba siku moja tu, nikamwone Bakari kwanza. Akakubali kwa shingo upande: atadunga, hatafunga kesho, lakini nisipoleta neno la maana nisimwambie kitu tena.

Kesho yake alasiri nilivuka kwa feri. Nilichukua mashine yangu.

Bakari alinipokea vizuri, lazima niseme. Si tapeli, na hakuwa akiuza chochote. "Karibu, shekhe. Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kukuona."

Adhana ya magharibi ilipokaribia, alitoa mashine yake akajichoma kidole. Ikasoma vizuri, kama kwenye picha. "Waona?" akasema, akitabasamu.

Nikamuuliza kama hupima saa hiyo kila siku. Akasema ndiyo, ndiyo saa anayokuwa hana kazi.

Adhana ikalia. Tukafuturu: tende, uji, kaimati, viazi vya nazi. Tulipomaliza kuswali isha nikamwomba kidole tena.

Akacheka. "Haya, chukua na mkono mzima."

Kumi na saba, mara tatu ya ile ya magharibi.

"Mashine yako mbovu, yakhe."

"Lete yako."

Yake ikasoma kumi na saba na kitu.

Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa akikusanya vyombo. "Ndiyo sababu waamka kwenda msalani usiku kucha. Nawe wanambia ni tikiti maji!"

Nikamweleza taratibu. Mtu aliyeshinda na njaa mchana kutwa, sukari yake inaweza kushuka magharibi hata kama ugonjwa uko pale pale. Kilichopigwa picha kilikuwa saumu. Mstafeli haukuwa na kazi pale.

Bakari aliiweka mashine yake chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nimesomewa dua, shekhe. Watu wamekula kwangu. Niseme nilimshukuru Mungu kwa uongo?"

"Ulimshukuru kwa uhai, na uhai unao. Shukrani yako haijaharibika. Iliyoharibika ni ile picha."

Alikataa kuandika kikundini usiku ule. Sikumlazimisha. Nilimwomba ampigie mwanamke mmoja tu, nikampa simu yangu.

"Dada, mimi ndiye Bakari. Sijapona. Kesho narudi kliniki."

Simu ilikuwa kwenye spika. Nikamsikia Mwanakombo: "Basi sote tuko hapo hapo." Akakata simu. Binti yake aliniambia baadaye kwamba alilia, halafu akajidunga.

Mimi niliandika kikundini kila nilichokiona, bila kumtaja Bakari. Admin akanitoa, eti navunja moyo wagonjwa. Nimeambiwa kwamba Bakari mwenyewe aliandika ukweli siku iliyofuata. Nimeambiwa pia kwamba wapo waliomjibu kuwa imani yake ndiyo iliyopungua.

Mwanakombo alininunia hadi Idi. Alipoanza kusema nami, alisema: "Usiniletee tena habari za aliyepona." Nikamjibu kwamba nitamletea, siku nitakapompata kweli.

Wakuu, sikatai kwamba Mungu huponya. Ninachokataa ni mtu kutupa dawa kwa sababu ya picha ya mwenzake. Ukisikia fulani amepona, mpe hongera, kisha muulize: alipima nini, wakati gani, na daktari wake anasemaje? Akikasirika, endelea kuuliza.

Kama humu yupo aliyepona na ana majibu ya maabara, aje ayaweke. Nitafurahi kuliko ninyi nyote, na nina mtu wa kumpigia simu. Mwenye matusi naye aandike, nitayasoma nikishameza vidonge vyangu.