Komba Mweusi na Mkewe Mwekundu

Mwaka huu nimerudi Nosy Be, rafiki yangu, na safari hii nimekwenda kama mgeni: kofia pana kichwani, chupa ya maji mkononi, nyuma ya kundi la Wazungu wenye kamera. Binti aliyetutembeza msituni Lokobe alisimama chini ya mti, akatuambia kwa Kifaransa, "Yule mweusi ni dume. Yule mwekundu ni jike. Ni mtu na mkewe." Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakapiga picha, wala hakuna aliyebisha. Mimi nikacheka mpaka mama mmoja wa Kizungu akanishika mkono akidhani nimeumwa. Sikuumwa. Maneno yale yale, nilipoyasema mimi nikiwa na miaka kumi na mbili, nusura yanifukuzishe shule.

Sisi tulikuwa watu wa Mahajanga, mtaa wa Tanambao, wenye asili ya Ngazija. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili kilikuwa cha chuoni, tulikosomea Kurani, na cha wazee waliofanya biashara ya pwani, neno hapa neno pale. Hiki ninachokuandikia nilikijia ukubwani, nilipoolewa Zanzibar. Baba alikuwa fundi cherehani. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Koko kama Wakomoro wanavyomwita bibi, aliishi Nosy Be kando ya msitu, akifanya kazi ya kuchuma maua ya ilangilangi kwa ajili ya manukato. Kila likizo nilipakiwa kwenye meli ndogo ya pwani nikapelekwa kwake, na kila nilipoteremka, kabla sijamwona, nilikuwa nimeshaisikia harufu ya ile gati: maua, samaki mkavu na vanila.

Kwa Koko ndiko nilikojifunza kuangalia. Tuliamka alfajiri tukachuma maua kabla jua halijayachoma, kisha tukanywa chai na mkate wa sinia, na baada ya hapo msitu ulikuwa wangu. Nilimjua kinyonga mdogo anayeweza kulala juu ya ukucha wangu wa kidole gumba. Nilimjua mjusi anayefanana na gome la mti, ambaye majirani Wasakalava walisema akikurukia kifuani hatoki mpaka kwa wembe. Nilijua ziwa lenye mamba wanaoheshimiwa, na ufuo wanakopanda kasa kutaga. Ila niliowapenda kupita wote ni komba. Usimfikirie yule komba wenu anayelia usiku kama mtoto. Huyu wetu ni wa mchana, mkubwa kama paka aliyeshiba, na mkia wake mrefu kuliko yeye mwenyewe. Walikuja kwenye mfenesi wa Koko huku wakiguna kama wazee waliomaliza kula pilau. Weusi walikuwa weusi tititi. Wengine walikuwa wekundu wa udongo, na nywele nyeupe zimewatoka masikioni.

Koko alikuwa na sharti moja: kitu cha heshima hakionyeshwi kwa kidole kilichonyooka. Wenyeji wa kisiwa walifanya hivyo kwa makaburi na kwa ziwa, wakikunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Koko aliipanua ile desturi mpaka kwa komba. "Kidole kilichonyooka ni cha kumshitaki mtu," alisema. "Hawa wamekukosea nini?"

Sasa sikiliza yaliyonipata Mahajanga. Uhuru ulikuwa mchanga, bendera mpya ilipepea uwanjani, lakini vitabu vilikuwa vile vile vya zamani. Mwalimu wetu, kijana wa kutoka nyanda za juu, mashati yake yamepigwa pasi mpaka yanakata, alikipenda mno kitabu chake cha masomo. Ndani yake mlikuwa na somo la kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania na wanyama ambao mgeni akifika atawaona: kondoo mwitu wenye pembe zilizojipinda, kobe wa vichakani, tai anayedondosha mifupa juu ya miamba ili aivunje. Mwalimu hakuwahi kukiona kisiwa kile, wala kisiwa chochote. Akatuagiza insha: wanyama ambao mgeni atawaona kisiwani.

Darasa zima likaandika kondoo mwitu. Mimi nikaandika Nosy Be. Niliandika kurasa tatu, mate mdomoni kwa utamu. Nikasema kuna mjusi asiyeonekana. Nikasema komba mweusi ni mume na mwekundu ni mkewe, na kwamba mke ndiye anayekula kwanza, mume akangoja.

Mwalimu aliisoma mbele ya wote. "Kama mjusi haonekani, wewe ulimwonaje?" Wakacheka. Alipofika kwenye mke anayekula kwanza, wavulana walipiga madawati. Akaenda kwenye picha ya ukutani, akatuonyesha kuwa komba mweusi na komba mwekundu wamechorwa mbalimbali, ni wanyama wawili, basi. Chini ya insha yangu akaandika neno moja kwa wino mwekundu: mwongo. Akaongeza kwamba mwongo hataandikishwa mtihani wa cheti mpaka asimame mbele ya darasa akiri. Kuanzia siku ile jina langu likawa Mke wa Komba.

Bila mtihani ule shule ilikuwa imekwisha, na mimi nilitaka shule kama mgonjwa anavyotaka maji. Baba alilitazama lile neno jekundu huku akishona. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Sema umekosea, yaishe."

"Baba, nikisema nimekosea, ndipo nitakapokuwa mwongo."

Akausimamisha mguu juu ya cherehani. Usiku wa Ijumaa nilimsikia akimwambia mama amwandikie Koko.

Majibu ya Koko, yaliyoandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani maana yeye kalamu haikuwa yake, yalikuwa mafupi: fenesi linaiva, mleteni huyo mwalimu ale. Baba akavaa kanzu yake nyeupe akaupeleka mwaliko. Huko kwetu mwaliko wa bibi kizee haukataliwi. Hata watu wa nyanda za juu wanalijua hilo. Mwalimu akakubali, kwa sharti: akirudi bila kuona, siku ya kwanza ya muhula nitasimama nikiri. Nikasema sawa. Kifua mbele.

Likizo ilipofika tukapanda meli, na njiani bahari ilimnyoosha. Alishuka gatini Nosy Be rangi ya ndimu alizokuwa akizinyonya, viatu vyake vinavyong'aa vikazama matopeni. Tulikuwa na siku nne kabla ya meli kurudi, na mvua ilikuwa imeshafika kabla yetu.

Siku ya kwanza Koko alimwandalia wali wa nazi, samaki wa kukaanga na achari ya embe. Mwalimu akala kwa adabu, akimwita Madamu. Komba hawakutokea. Siku ya pili mvua haikukatika, komba hawakutokea, nami nikaanza kuyasikia madawati yakipigwa kichwani mwangu. Siku ya tatu Koko akamwekea kikapu mbele yake. "Mgeni siku mbili, Mwalimu, mwanangu. Ya tatu mpe jembe. Hapa jembe letu ni hili." Basi mwalimu wa Mahajanga akachuma ilangilangi alfajiri pamoja na wanawake, wakimcheka jinsi alivyoyashika maua kama mayai. Nilimwona, akidhani haonekani, akinusa vidole vyake, kisha akinusa tena.

Tukitoka huko alichoka, akaegemea mti kwa kiganja. Gome likafungua kinywa chekundu. Mwalimu alipiga kelele akaruka nyuma mpaka akakaa chini, na gome likapanda juu ya mti kwa miguu yake minne.

"Yule... sikumwona kabisa," alisema.

"Mimi pia, Mwalimu, nilimwona hivyo hivyo."

Alitaka kukasirika, akashindwa. Lakini alipojikung'uta alisema mjusi ni mjusi, kesi yetu ni ya komba. Na komba nilikuwa nikiwasikia mbali wakiguna, wala hawasogei. Fenesi lilikuwa limepasuka lenyewe kule juu, harufu imejaa ua mzima. Niliomba dua zote nilizozijua, nikarudia zile fupi.

Asubuhi ya nne mvua ilinyamaza. Mkoba wa mwalimu ulikuwa umeshafungwa, meli ilikuwa inaondoka adhuhuri. Nilikuwa ninaosha vikombe nilipousikia mfenesi ukitikisika. Nikaviacha vikombe.

Walikuja wengi. Mwalimu akanyoosha mkono wote, "Wale pale!" Koko akamsogelea, akakishika kidole chake, akakikunja polepole kama anamkunjia mtoto mkono wa shati. Hakumweleza kitu. Naye akakiacha vile vile kilivyokunjwa.

Wekundu walikuwa wa kwanza kulifikia fenesi. Mweusi mmoja akajipenyeza, akapigwa kofi la uso, akarudi kwenye tawi lake kungoja. Kisha mwekundu mmoja akageuka kutuelekea, na tumboni mwake alikuwa amening'inia mtoto, mweusi kama mkaa, ananyonya. Nyuma yake mwekundu mwingine, naye na mtoto. Na mwingine. Mwalimu aliwapitia wote mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole chake, midomo ikicheza. Kila aliyebeba mtoto alikuwa mwekundu. Hakuna mweusi hata mmoja aliyenyonyesha. Akakaa kwenye matope na suruali yake ya pasi.

"Dady," alimwambia Koko, kama Wasakalava wanavyomwita bibi, "wamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya kitabu chako, mwanangu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilivipiga! Komba wakatimka, Koko akanigombeza, na furaha niliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena hata siku ya harusi yangu, Mungu amrehemu mume wangu, naye anisamehe.

Siku ya kwanza ya muhula mwalimu aliniita mbele. Darasa likajiweka tayari kucheka. Akalichukua daftari langu, akalikata lile neno jekundu kwa mstari, akaliinua wote waone. "Nilisema humu ndani mna mwongo," alisema. "Nilikosea mimi. Mwenzenu aliona kwa macho yake, mimi nilisoma tu." Kisha, badala ya kulitaja jina langu, alinionyesha. Alinionyesha kwa kidole kilichokunjwa. Mmoja akauliza kama kidole cha Mwalimu kinauma. Hakuna aliyejua maana yake isipokuwa yeye na mimi, na mimi nilibaki nimesimama, machozi yakinitoka bila haya.

Mtihani niliufanya, nikaushinda. Nikawa mwalimu mwenyewe. Daftari lile lilipotea tulipohama Mahajanga, na mwalimu wangu sikumwona tena.

Nilimuuliza yule binti mtembezaji nani alimfundisha habari za komba. Akanishangaa. "Nani asiyejua, bibi? Imo kitabuni." Nikamwambia vizuri sana, mwanangu. Yeye huonyesha kwa mkono ulionyooka, kama watu wote siku hizi.

Nikawaacha wenzangu, nikashuka mpaka palipokuwa ua wa Koko. Nyumba hakuna, mfenesi hakuna, ilangilangi imebaki miti miwili imezeeka, haina wa kuichuma. Mama yule wa Kizungu alinifuata, akaniuliza ninatazama nini, mbona hapana kitu. Nikakunja kidole, nikamwonyesha.