Breki Zilizookoka

Mimi nauza spea za magari hapa Emali, na nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha kujua kwamba mwanamume akiingia akisema anataka kitu kidogo tu, kitu hicho hakipatikani popote. Mzee Ndolo wa Kanyangi aliingia hivyo hivyo. Mkononi alikuwa na kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, amekifunga kwa leso safi kama mtoto mchanga.

"Mama Gathua, nataka breki," akasema. "Ni kitu kidogo tu."

Lori lake nilikuwa nalijua. Ni lori la pua ndefu, la Waingereza, lililofika Ukambani kabla sijazaliwa, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa MUNGU MBELE. Ndolo huleta ndengu kutoka kwao Kitui, halafu hurudi na kreti za bia za baa moja ya Kanyangi. Nilichokuwa sijui ni kwamba lori hilo halikuwa na breki hata moja. Dramu zake, yale masufuria ya chuma yanayozunguka pamoja na gurudumu, zilikuwa zimepasuka zamani, na vilivyokuwa ndani yake vilikuwa kutu tupu.

"Sasa huwa unasimama vipi?" nikamuuliza.

Ndolo akaanza kukifunga tena kile chuma kwenye leso. Nyuma yake akaingia mkewe, Mutindi, akichechemea, na kwapani amebeba gogo la mwarubaini lililochongwa upande mmoja kama kabari. Akalitua juu ya kaunta yangu, katikati ya plagi na fani belti.

"Breki ni mimi," akasema.

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Ndolo alipotaka kusimama, alipunguza gia moja moja mpaka lori likaenda mwendo wa punda. Hapo Mutindi aliruka chini na gogo lake, akakimbia sambamba na lori, akalitupa gogo mbele ya gurudumu la nyuma na kulipiga kisigino likae. Alianza kazi hiyo kitinda mimba wao alipoanza shule, na kitinda mimba huyo sasa ana mke. Nilimkasirikia Ndolo pale pale, mteja au si mteja.

"Mimi niliolewa kanisani, na pete," Mutindi akaniambia mimi, si mumewe. "Pastor akasoma yote, ya raha na ya shida. Hakuna mahali alisema nitakuwa breki. Sasa goti imekufa. Huyu ameandika Mungu mbele, na ni sawa, lakini nyuma ni mimi."

Kisha akamgeukia Ndolo. "Naenda kwa Wayua, Tseikuru. Lori ikijisimamisha yenyewe, kuja unichukue. Ikikataa, ukae na hiyo lori."

Wayua ni binti yao wa kwanza. Mutindi hakuwa anatisha bure, kwani mkoba alikuwa ameshaupakia na ulikuwa mlangoni. Ndolo alinyong'onyea mbele yangu mpaka hasira yangu ikapungua kidogo. Alimpenda huyu mama, hilo lilionekana wazi. Ni vile tu alikuwa amezoea kumpenda akiwa nje ya gari.

Nikapiga simu Nairobi, nikapiga Mombasa, nikampigia hata binamu yangu Kiama anayevunja magari makuukuu kule Nakuru. Wote walinicheka. Mmoja akaniuliza kama nampigia kutoka makumbusho.

Aliyetusaidia ni Ben, dereva anayebeba spika za mikutano ya injili. Alikuja kununua balbu, akaliona lori la Ndolo nje, akasema pua kama hiyo ameiona Nuu, kupita Mwingi, ndani ya kanisa.

"Nje ya kanisa," nikamsahihisha.

"Ndani, mathee. Pastor anahubiri akiwa juu yake."

Nikafunga duka, nikawapakia Ndolo na Mutindi kwenye pikapu yangu. Mutindi alikubali kwa sababu mpaka Mwingi njia ni ile ile ya Tseikuru. Gogo alikuja nalo, eti akimwachia Ndolo ataoa breki nyingine. Tulipofika Mwingi ilikuwa Jumamosi jioni, na akasema hawezi kulipita kanisa kesho yake Jumapili, kwa hivyo akaja Nuu pia, mkoba mapajani.

Ben hakuwa amesema uongo. Zamani mhubiri mmoja alikuja Nuu na lori, akatengenezewa breki mpya njiani, akafika, na injini ikafa papo hapo. Watu wakasubiri fundi. Mvua ikaja kabla ya fundi, wakaweka mabati juu. Upepo ukaja, wakajenga kuta. Mlango wakauweka wa ukubwa wa watu, na tangu siku hiyo lori likawa halitoki. Sasa limetandikwa zulia, mimbari iko juu, na sanduku la sadaka limewekwa kwenye boneti. Tatizo ni kwamba kanisa lenyewe liko mteremkoni, na pua ya lori inaangalia benchi la kwanza, ambalo ni la wazee wa kanisa.

Wakati wa matangazo, Pastor Mbuvi akamruhusu Ndolo aeleze shida yake. Akaeleza vizuri, ila akasahau kusema breki yake ya sasa ni nani.

Mzee Kisilu, mwenyekiti wa wazee, akasimama. "Hii lori iliombewa, ikatolewa kwa Bwana," akasema. "Breki ni sehemu ya lori. Tutarudishaje breki duniani?"

Likawa jambo zito. Mmoja akauliza kama ni lori zima lililookoka au ni bodi tu. Mwingine akataka kujua breki hizo zikienda Kanyangi zitabeba nini, na Ndolo, ambaye hajui kudanganya, akasema bia. Kanisa likaguna. Mwishowe Kisilu akasema lililokuwa moyoni mwake: "Na hata tukikubali, hii lori inashikwa na hizo breki. Mimi ndiye naketi hapa mbele."

Mutindi akainuka. Akatembea na goti lake bovu mpaka mbele, akaweka gogo chini ya gurudumu, akalipiga kisigino.

"Hii imeshika lori ya bwanangu miaka yote, na mimi nikiikimbiza," akasema. "Yenu haiendi mahali. Chukueni gogo, mnipe breki, nikae chini kama mama wengine."

"Na ikiteleza?" Kisilu akauliza.

"Keti benchi ya nyuma."

Akina mama wakacheka kwanza, halafu kanisa zima. Pastor Mbuvi akakubali kwa sharti moja tu, kwamba breki zilizookoka hazibebi bia. Ile baa ndiyo ilikuwa kazi ya uhakika ya Ndolo. Aliutazama ule mkoba wa Mutindi, akasema amekubali, na nikamwonea huruma.

Jumatatu tukazitoa, dramu na vyote vya ndani. Lori likalia, likasogea upana wa kiganja, likasimama kwenye gogo. Kisilu alikuwa ameshatoka nje.

Raba mpya za breki nilizikata kutoka za gari lingine dukani kwangu, na baada ya wiki moja fundi wa Kanyangi, aliyeletewa lori juu ya trela, akamaliza kufunga. Mutindi alikuwa amerudi nyumbani Kanyangi, lakini mkoba hakuufungua. Alisema ataamini akiona. Basi tukapanda watatu, mimi katikati, tukashuka mteremko mrefu wa kuelekea mto Athi. Ndolo alikuwa akiomba kwa sauti. Karibu na mto akakanyaga breki.

Mutindi alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja nje. Lori likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje, akisubiri lisogee. Halikusogea. Akaurudisha mguu, akafunga mlango taratibu.

"Haya, imesimama," Ndolo akasema. "Shuka basi uone mto."

Mutindi alikuwa analia, na hakujificha.

"Wacha kwanza nikae, baba Wayua," akasema. "Nimeshuka ya kutosha."

Ndolo akazima injini, akakaa naye.