Ukurasa wa Tisa wa Mzee wa Dukani

Wiki iliyopita niliikasirikia simu yangu mpaka nikaitupa kitandani. Tuna kikundi chetu humo cha watu wanaopiga piano bila kuwa wapiga piano: wauguzi, makarani, mmoja anauza sementi. Tunatumiana karatasi za muziki unaotushinda vidole, kisha tunapongezana hata pale tulipoharibu. Basi mmoja wetu akatuma wimbo ambao sijawahi kuuona umechapwa maishani mwangu, ingawa naujua kuliko sala zangu. Kurasa kumi na moja, safi kabisa, zilifika kwa dakika moja. Nikakimbilia ukurasa wa tisa. Nilichokiona pale nitakuambia, rafiki yangu, lakini kwanza twende Mutanga Nord, mtaa wa Bujumbura, nikiwa na miaka kumi na tatu.

Nyumba ilikuwa ya Mwalimu wangu. Kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu lise, shule ya sekondari, piano aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao, na kila Jumamosi baada ya chakula tulikusanyika salon, sebuleni kwake. Nakumbuka harufu ya nta ya sakafu, na sambusa zilizofungwa kwenye gazeti, mafuta yakipenya mpaka kwenye herufi. Sambusa zililetwa na mzee mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye babu zake walitoka Omani zamani sana. Alikuwa na vidole viwili vilivyopinda, hakuweza kupiga hata wimbo wa kitoto, lakini sikio lake! Tangu utotoni alisomeshwa Kurani kwa sauti, na sauti ikiteleza kidogo tu alikunja uso kama ameuma ndimu.

Wimbo wenyewe ulikuwa dansi ya Ulaya, ya okestra nzima, ambayo hodari mmoja wa piano aliigeuza ipigwe na mtu mmoja kwa mikono miwili. Hatukuwa na karatasi yake. Tulikuwa na kaseti. Mzee alisikiliza kipande, akakiimba, Mwalimu akakitafuta kwenye piano, Mzee akasema "apana, bado," mpaka kikapatikana, ndipo Mzee akakiandika kwa penseli, kwa nota alizofundishwa na Mwalimu. Mstari mmoja ulikula Jumamosi nzima. Umeme ulikatika karibu kila mara, kwa hiyo redio ya kaseti tuliitia betri, na betri tulizianika juani juu ya ukuta tangu asubuhi ili zipate nguvu tena. Kuzianika na kuzigeuzageuza ilikuwa kazi yangu, nami nilijiona mtu mkubwa.

Sheria yao ilikuwa moja na hawakuilegeza kwa machozi ya mtu. Hupewi ukurasa mpaka uupige uliotangulia bila kusimama, mbele ya wote. Ukifaulu, unaketi mezani na kunakili ukurasa mpya kwa mkono wako, halafu Mzee anaukagua nota kwa nota. Fotokopi ilikuwa marufuku. "Mukono ukiandika, mukono unajua," alikuwa akisema, na kosa moja tu lilikurudishia karatasi yote uianze upya.

Hivyo ndivyo nilivyofika ukurasa wa tisa, na hapo nikakwama. Katikati yake kulikuwa na mbio ya nota zinazopanda kutoka chini hadi juu kabisa kwa pumzi moja, zote na diyezi zake tano, zile alama za kupandisha nota nusu sauti, vidole vikirukia vibonye vyeusi na kurudi kwenye vyeupe. Mwalimu mwenyewe ilimshinda. Alijaribu, akacheka, akafuta miwani. Mimi sikuona cha kucheka.

Maana mwezi ule Mzee alituambia kwamba watoto wake walikuwa wanamwita aende Maskati akaishi nao, na angeondoka baada ya Idi. Alikuwa ameandika kurasa zote kumi na moja kwa miaka miwili na nusu, na alikuwa hajawahi kuusikia wimbo ukipigwa wote mbele yake. "Nataka niusikie mara moja tu," aliniambia, "mwanzo mpaka mwisho, na mutu mwenye damu, si mashine." Hakuniomba. Alisema tu, akaendelea na kahawa yake. Lakini nilielewa kwamba nisipoweza mimi, hakuna mwingine, na angepanda ndege bila kuusikia.

Nikawa kichaa, nakwambia. Nyumbani kwetu Kibenga, mtaa wa kando ya ziwa, hapakuwa na piano, kwa hiyo nilichora vibonye kwa chaki kwenye ukingo wa meza ya jikoni. Nilichambua maharage kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukakimbia. Nilimenya muhogo, nikaosha mikono, nikakimbia tena. Bibi yangu alikuwa akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, huku ananitazama kwa jicho la pembeni. "We mutoto, hiyo meza imekukosea nini?" Ncha za vidole zikapasuka, nikazipaka mafuta ya mawese, nikanuka mapishi darasani, wenzangu wakanizomea. Wacha wazomee. Miezi mitatu nzima. Siku nyingine nililia kwa hasira, nikimlaani yule hodari wa Ulaya aliyeandika kitu kisichopigika, kisha nikafuta pua na kuanza tena.

Jumamosi ya mwisho Mzee alikuja amevaa kanzu mpya. Nilianza. Ukurasa wa tisa ulipofika, mkono wangu ulipanda mpaka juu bila kujikwaa, nami nikaendelea, hata furaha sikuipa nafasi, mpaka sauti ya mwisho. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, akifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Mashallah," alisema. Baadaye akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo wimbo huu." Aliniachia kurasa zake zote. Hakurudi tena Bujumbura, na habari za kifo chake zilitufikia zimechelewa.

Piano ya Mwalimu ililiwa na mchwa. Na mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia Kibenga mpaka vyumbani, sanduku langu lilikaa majini siku mbili. Karatasi za Mzee na nakala zangu nilizitoa zikiwa uji mtupu.

Sasa turudi kwenye simu. Unajua nilikuta nini? Wimbo umeandikwa katika do, ngazi ya vibonye vyeupe vitupu! Pale penye mbio yangu hakuna diyezi hata moja. Kuna mstari wa kupanda tu na neno la kukwambia uteleze. Unalaza ukucha wa kidole gumba, unauburuta juu ya vibonye vyeupe, vrrr, basi. Mtoto wa miaka mitano anaweza. Betri zetu za kuanikwa zilikuwa zimechoka, zikazungusha mkanda polepole, na mkanda ukienda polepole sauti hushuka. Do ikawa nota iliyo chini yake, ile iitwayo si, yenye diyezi tano. Mzee aliandika kwa uaminifu kile alichokisikia.

Nikampigia Mwalimu. Ni mzee sana sasa, anasahau mambo mengi, lakini hili halikumpotea. "Nilijua," akasema. Umeme ulirudi siku moja, akachomeka redio, akasikia wimbo umepanda sauti. Wakati huo Mzee alikuwa ameshamaliza ukurasa wa kumi.

"Ukaniacha niteseke miezi mitatu?"

"Ningemwambia angeanza upya yote, mi namujua. Angeondoka bila kusikia." Kisha akaongeza, "Na we ulikuwa unakasirika vizuri sana."

Nilikata simu nikiwa na hasira. Kesho yake niliketi kwenye piano yangu, nikaburuta ukucha kama ilivyochapwa. Ilichukua sekunde moja. Nikapiga yetu, yenye diyezi tano, na vidole vikakumbuka, nami nikalia kama mjinga. Wimbo ule, vile alivyouandika yeye, hauko popote duniani isipokuwa katika mikono yangu, na mikono hii inazeeka.

Kwa hiyo nauandika. Nimenunua daftari la mistari mitano na penseli, kila siku baada ya kazi nakaa mpaka giza liingie. Jana nilifika mwisho. Nikarudi ukurasa wa kwanza kuandika juu, kama inavyostahili, nani aliyeutoa kwenye kaseti, ndipo niutume kwa wenzangu. Penseli ikasimama. Miaka yote ile, sambusa zote zile, na sikuwahi kujua jina lake.

Nikampigia Mwalimu tena. Nikamuuliza jina la Mzee. "Tulimuita Mzee," akasema. "Wote tulimuita Mzee."

Palipokuwa na duka lake sasa wanauza simu. Kesho naanzia hapo, nitauliza mlango kwa mlango, mpaka msikitini kama itabidi. Wimbo hautoki nyumbani kwangu bila jina lake.