Hodi ya Stoo

Mtaani walimwita Bwana Waya, na jina likamkaa. Tangu ujana alitengeneza redio na televisheni za watu, na hata baada ya kufunga kibanda chake hakukosa waya shingoni, kama daktari na kile kipimo chake cha mapigo. Maneno hakuwa nayo. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuigombeza nusu iliyobaki.

Mkunga alipostaafu, kukaa kimya kulimshinda. Mumewe akambandikia magodoro kwenye kuta za stoo, akamwekea kipaza sauti na kigoda, na podikasti ya wajawazito, vipindi vya kusikiliza kwenye simu, ikaanza. Mwanzoni Bwana Waya alikipeleka kila kipindi kwa mkono. Anafungua saraka moja ya mtandaoni ya kusikilizia, anapandisha sauti, anaandika kichwa na maelezo, kisha anahamia saraka nyingine kuandika yale yale. Kila saraka ilitaka picha ya ukubwa wake, utadhani wakwe waliogombana. Na Mkunga huku jikoni anauliza kama kipindi kimeshafika kwa watu, anaambiwa bado, anauliza tena. Mzee wa watu akachoka.

Basi akatengeneza programu ya kumfanyia kazi. Mkunga alikuwa adui wa vitufe, kwa hiyo kipaza sauti kiliachwa wazi mchana kutwa na mashine ikafundishwa neno. Kila kipindi mama huyu alikianza kwa "Hodi, mama kijacho." Mashine ikisikia hodi, inarekodi. Stoo ikinyamaza kwa muda mrefu, inajua amemaliza; inakata, inasafisha, inaandika maelezo na kukiweka kipindi mahali pamoja, kwenye mlisho, na saraka zote zinakuja kukichota zenyewe. Bwana Waya alitamba wiki nzima. Kosa lake lilikuwa dogo, kosa la mtu mwenye mke mmoja na mazoea yake: aliifundisha mashine neno, hakuifundisha sauti ya mwenye neno.

Mkunga alifariki asubuhi moja ghafla, kitambaa chake cha kichwa akiwa hajamaliza kukifunga.

Binti yao wa pekee alikuwa nchi ya mbali, mjamzito, mwezi wa kujifungua umekaribia. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Mdogo wa Mkunga, aliyekuja msibani akabaki kushika nyumba, ndiye aliyekata shauri: mtoto haambiwi mpaka ajifungue salama. Bwana Waya hakupinga. Binti akaambiwa kwamba Mama amekatazwa na daktari kuzungumza, anapumzisha koo, na vipindi anavyovisikia alivirekodi mapema. Hilo la vipindi lilikuwa kweli. Mkunga alikuwa ameacha akiba, na mashine ikaendelea kuitoa, kila wiki kipindi, bila kumuuliza mtu.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kutisha. Watu wanakuja kutoa pole, na marehemu anacheka dirishani kwa jirani. Shemeji anakoroga chungu, mara sauti ya dada yake inapita barabarani kwenye simu ya mpita njia, ikimwonya mtu asibebe ndoo nzito, naye mwiko unamsimama mkononi. Bwana Waya hakuikaribia stoo. Alipopita usiku kwenda kujisaidia aliiona taa ya kijani ya mashine ikiangaza chini ya mlango, akapita ameukaza uso mbele kama mwizi.

Kisha akiba ikaisha. Wiki ile hakikutoka kitu, na binti akatuma ujumbe kuuliza kulikoni. Bwana Waya akaona hana ujanja tena. Mchana ule ule akaenda stoo kufikiri.

Alipofika mlangoni alibisha, akasema hodi. Kwa nini, hata mwenyewe hakujua. Enzi za Mkunga asingethubutu kuingia mle bila kubisha, na kuingia kimyakimya sasa kulimtia aibu. Akaingia, na nyuma ya mgongo wake taa ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu.

Akakaa kwenye kigoda. Magodoro bado yalikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe. Mtu yule asiye na maneno akajikuta anaongea: kwamba nyumba imekuwa kubwa, kwamba chai anainywa bila sukari kwa sababu hajui sukari inakaa wapi na anaona haya kumuuliza shemeji.

"Mke wangu," akasema, "tumemficha mtoto kwamba umetutoka. Nimwambie, au nisimwambie?"

Akangoja. Alingoja kweli, kama mtu anayengoja jibu. Hakikuja kitu, ila palikuwa na ule utulivu wa chumba chenye mtu aliyekwisha vuta pumzi kabla ya kusema. Akatoka upesi, akaufunga mlango.

Hakuwa amekaa vizuri barazani shemeji alipotokea jikoni, simu mkononi, midomo imempauka. Simu yake ilikuwa na tabia ya kufungulia vipindi vipya yenyewe. Kutoka humo sauti ya Bwana Waya ilikuwa inasema nyumba imekuwa kubwa.

"Shemeji," akasema, "umefanya nini?"

Akakimbilia kompyuta. Kukituma kipindi kulikuwa kufumba na kufumbua. Kukirudisha ndiyo kazi. Alikifuta kwenye mlisho. Saraka moja ikakiondoa, nyingine ikaendelea kukionyesha, na nakala zilizokwisha kuingia kwenye simu za watu hazina wa kuzifuata. Simu ya binti ilikuwa mojawapo. Aliipanga hivyo yeye mwenyewe, ili mtoto asikose kipindi cha mama yake. Wakapiga. Ikaita mpaka ikakata. Wakapiga tena, hivyo hivyo mpaka jua likazama. Shemeji alimgombeza, kisha akakaa chini sakafuni. Bwana Waya akajifungia chumbani na kukisikiliza kipindi kwenye simu ya shemeji. Alilisikia swali lake. Baada ya swali, kimya, kimya kirefu, na kigoda kikilia kidogo. Aliamini amemuua mjukuu wake kwa ujuzi wake mwenyewe.

Asubuhi simu ikaita. Sauti ya binti ilikuwa nyonge.

"Baba, ni wa kike. Tuko hospitali. Wote wazima."

Bwana Waya akaanza kuomba radhi kwa lile binti alilolisikia, naye akamzuia. Alisema amelia usiku kucha, na ataendelea kulia, lakini hana kinyongo.

"Bila kile kipindi ningempoteza," akasema. "Mama aliposema mtoto akinyamaza tumboni nisimsubiri, niende leo leo, ndipo nikakumbuka hajacheza tangu asubuhi. Wamenipasua papo hapo. Kitovu kilikuwa kimemzonga shingoni."

"Mama alisema hayo kipindi gani, mwanangu?"

"Hicho hicho, Baba. Ulipomuuliza. Kwanza alikujibu wewe, akasema uniambie. Halafu ndiyo akaongea na mimi. Kwani wewe hukumsikia?"

Shemeji alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama usoni.

"Nilimsikia," akasema Bwana Waya.

Akampa shemeji simu, akatoka uani. Mjukuu yuko hai, na furaha yake haikuwa na doa. Hata hivyo alisimama pale akilia kwa wivu, mzee mzima, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa yeye.