Nzi wa Aina Moja

Nilipoanza kuuza matumbo Dandora, nzi wanaofuata nyama walikuwa wa aina nne, na niliwajua wote. Mkubwa wa buluu alikuja asubuhi yenye baridi, akivuma kama redio iliyokosa stesheni. Wa kijani alingoja jua likolee. Wa rangi ya shaba alikuja mvua ikikatika, na mdogo mweusi hakutoka mbali na vichaka vya mtoni. Wakati huo ploti nyingi zilikuwa na choo na bomba tu, vyumba bado havijajengwa.

Mama alinifundisha mtego wa kwetu Machakos: tundika pafu la mbuzi mtini, hatua ishirini kutoka jikoni, upande upepo unakoelekea. Nzi hulikuta kwanza, wakaiacha sufuria yako. Kila siku nililichoma lile la jana, nikatundika jipya.

Kisha vyumba vikasongamana, vichaka vikafyekwa, na malori yakazidi kumwaga taka za jiji zima karibu yetu. Mweusi alitoweka kwanza, halafu wa shaba. Wa buluu nilimwona mara ya mwisho msimu mmoja wa baridi. Akabaki wa kijani peke yake, na sasa alikuwa hahesabiki.

Afisa wa afya alipokuja, hakutazama sufuria yangu iliyofunikwa. Alikwenda moja kwa moja mtini.

"Mama, unauzia watu nyama hii?"

"Hiyo si ya watu, afisa. Ni ya nzi."

Dereva aliyekuwa akingoja sahani yake akacheka. "Kumbe hata nzi wana hoteli yao Dandora!"

Afisa hakucheka. Aliandika: nyama iliyooza, imeanikwa wazi, imejaa nzi. Nilimweleza upepo, hatua ishirini, aina nne zilizokuwapo na moja iliyobaki.

"Hawa hawakuzaliwa kwangu," nikasema. "Wametoka kwenye taka mnazotuletea. Twende nikuonyeshe, ni karibu."

"Mimi natazama chakula, mama. Taka ni idara nyingine."

Akafunua sufuria, matumbo ya asubuhi nzima, akayamwagia mafuta taa aliyokuja nayo. Akaniambia kibanda kimefungwa. Nilitaka kumrushia mwiko. Nilikuwa na watoto watatu na kazi hiyo moja, naye alikuwa ameshageuka, akifuta viatu vyake kwa karatasi.

Saa saba mafundi wa mjengo wakaja kula kama kawaida. Mmoja akanusa.

"Mathe, leo umepika na stovu ndani ya sufuria?"

Wenzake wakacheka mpaka waliponiona uso. Niliwaambia waende kula kwingine. Walisimama kidogo, wakiwa na njaa na aibu, halafu wakaondoka mmoja mmoja. Nikaanza kung'oa mabati ya kibanda.