Punje Niliyoona Haya Kuing'ata

Nakumbuka Jumatano ile nilipokaa mbele ya watu watatu pale Mlandege mjini, kucha nimezikata, mikono nimeisugua kwa limau, na majibu nimeyakariri kama sala. Nilikuwa naomba ukarani wa kupokea mpunga katika ghala la mfanyabiashara mmoja. Mwanangu, weka hiyo simu chini kwanza. Tangu jana unazunguka uani ukijiuliza maswali ya usaili na kujijibu mwenyewe, na masikio yangu yamechoka.

Majibu yale alinipa shangazi, aliyekaa mjini miaka mingi. Alinionya nisithubutu kusema nimetoka Madibira, wasije wakaniona mtu wa majaruba ya mpunga. Nikamsikiliza. Mimi ambaye ada yangu yote ya shule ilitoka kwenye mpunga, nikaingia pale najiita mtoto wa mjini.

Maswali ya mwanzo niliyajibu bila kukwama. Kisha mzee wa ghala, mmoja wa wale watatu, akamwaga konzi ya mpunga mezani.

"Binti, lori liko nje. Tuupokee huu au tuurudishe?"

Nikamjibu kwamba tutaangalia kipimo cha unyevu.

"Kipimo kimeharibika tangu juzi."

"Basi nitaandika barua tuletewe kingine."

Leo nacheka, lakini siku ile jasho lilinitoka. Kwetu hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba unaing'ata punje. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, mpunga urudi kuanikwa. Nilijua, mwanangu. Punje ilikuwa mbele yangu na meno ninayo, nikaona haya. Mzee akachukua moja akaing'ata mwenyewe, akaniambia, "Asante, unaweza kwenda." Nilisikia baadaye kwamba msichana aliyenifuata aliing'ata kabla swali halijaisha. Kazi akapewa yeye.

Nikarudi Madibira. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo umekula mpunga wangu mpaka kidato cha nne, halafu mbele za watu ukajifanya huujui."

Neno lile linaniuma mpaka leo kuliko kazi niliyoikosa. Kweli, mwacha asili ni mtumwa. Misimu mitatu iliyofuata nilikuwa bado jarubani, na zile kucha wala sikuzihangaikia tena.

Sasa wewe. Kesho wanakuita Mbalizi, kwenye ghala wanakotaka mtu wa kuchambua parachichi. Ni usaili wa tatu huu, na mara mbili za kwanza umerudi mikono mitupu. Misimu miwili umechuma parachichi na mjomba wako kule mlimani, lakini barua yako ya maombi haina hata neno parachichi. Umeandika kwamba unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo lipi, mwanangu? Na eti udhaifu wako ni kupenda kazi kupita kiasi. Mimi ndiye niliyekuamsha Jumamosi kwa kukumwagia maji, kwa hiyo hilo usinisomee tena.

Asiyesikia la mkuu, mwisho wake unaujua. Nenda Mbalizi leo hii, jua bado lipo. Msalimie mlinzi wa getini kwa heshima, muulize mle ndani wanafanya nini na kinachowasumbua ni nini. Majibu ya kwenye simu baki nayo, ila usiache mbachao kwa msala upitao. Waambie ulipochuma, na nani, na siku ulipoharibu mzigo mzima kwa kuchuma mabichi, na ulichojifunza. Wakikuwekea kitu mezani, kishike. Usilolijua, sema hulijui.

Parachichi lile pale juu ya meza. Kabla hujatoka, nionyeshe kama lilikuwa limekomaa lilipochumwa, na umejuaje. Usiiulize simu.

Haya, Mungu akutangulie, akupe kibali machoni pao, na asikuache uionee haya mikono iliyokulisha.